Prosesa Mpya, Chai Je?

Laptop ya mume wangu ilikuwa ikiwaka kwa mwendo wa kobe. Kila asubuhi alibonyeza kitufe, akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili vya chai, chake na changu, ndipo skrini ilipofunguka.

Fundi kompyuta mimi, aibu hiyo ikae nyumbani kwangu? Thubutu! Jana nilifungua skrubu zake, nikang'oa prosesa kuukuu, nikapachika yenye nguvu zaidi.

Leo ikawaka kabla hajanyanyuka kitini. "Mke wangu, mikono yako ina baraka!" akasema, akaanza kazi.

Nikakaa pale, koo kavu, nimenuna. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Mara akanitazama. "Mbona kama nimesahau kitu?"

Akaizima laptop, akaiwasha upya, akaenda jikoni.