Magome Meusi

Kazi yangu katika chuo cha dawa pale Sambalpur ilikuwa kuosha vizimba vya panya. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwaona wakihema midomo wazi, manyoya yamewasimama.

"Wamebaki wanne, Dada," nikamwambia Itishree, mwenye utafiti wake.

Akajifunika uso. Mwaka wa tatu huu alikuwa akiwadunga panya dawa ya saratani, ile inayoua uvimbe huku ikila moyo, kisha akiwanywesha maji ya gome la mti wa arjuna. Aliwahi kunieleza: ndani ya gome mna vitu vinavyokinga moyo, kama rangi inavyokinga chuma kisishike kutu. Mwaka jana panya walipona. Safari hii walikufa sawasawa na wale wasionyweshwa kitu.

"Ya mwaka jana ilikuwa bahati," akasema Profesa Panigrahi, msimamizi wake. "Ijumaa tunafunga utafiti huu. Sumi, katupe hilo gunia la magome."

Nikaliburuta hadi uani, nikalifungua. Sisi Wasantali, watu wa misituni, tunabandua magome tangu utotoni. Gome la arjuna ni laini, la kijivujivu, na ndani ni jekundu. Haya yalikuwa meusi, yamepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Safari hii muuzaji wa sokoni alikuwa ametuuzia magome ya asan, mti wa jamii moja na arjuna!

Nikarudi mbio na kipande mkononi. "Profesa, hii siyo arjuna."

"Ala! Mwosha vizimba naye leo mwalimu. Umefika darasa la ngapi wewe?"

"La tano. Lakini mti wa arjuna nilianza kuukwea kabla sijaenda shule."

Itishree akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Nipe wiki sita, Profesa. Magome ataleta Sumi."

"Sita. Hata siku moja haiongezeki."

Nikapanda basi hadi kwetu. Mimi na mama tukabandua miti kumi na miwili, kila mmoja upande mmoja tu, maana ukiuzungushia mti kisu unakufa.

Wiki ya sita, panya waliokunywa magome yetu walikuwa wakiniuma vidole kwa kugombea chakula. Kati ya kumi na wawili, alikufa mmoja. Profesa akatazama vipande vya mioyo kwenye hadubini, akatazama tena.

"Sumi, njoo uone."

Nikaona nyuzi za waridi, zimenyooka, zimeshikana kama kitambaa kipya kitokacho kwa mfumaji.

"Hatufungi," akasema.

Itishree akapiga yowe, akanikumbatia na aproni yangu yenye mikojo ya panya.

"Na gunia lijalo tutanunua wapi?" Profesa akauliza.

"Hatununui," nikamjibu. "Twende sote kwetu. Mimi nibandue, wewe ubebe."

Akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Basi linaondoka saa ngapi?"