Ninachoogopa ni Makofi

Mwalimu Derick sikumpenda tangu siku aliyoshuka na begi lake la mgongoni akatuambia eti amekuja kutufundisha akili. Akili tunazo. Tulichokosa ni viatu visivyochomoka magurudumu. Wenzetu wa kwenye televisheni huteleza juu ya barafu; hapa mtaani Hamugembe barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu, ya kufungwa kwenye nailoni. Sisi tunateleza kwa viatu vya magurudumu juu ya zege la uwanja wa netiboli, tunaruka na kuzunguka, na magoti yetu yana makovu ya kutosha.

Tulikuwa wasichana wanane. Nafasi ya kwenda mashindano Mwanza ilikuwa moja, na kila mtu alijua ni ya Farida au yangu. Farida ni binti wa Mama Shamsia, muuza vitumbua, jirani yetu, na alikuwa rafiki yangu tangu chekechea. Alinizidi kuteleza. Leo nalikubali, wakati ule ningemng'ata aliyelisema.

Derick alitufumbisha macho. "Jioneni mnateleza. Pumueni kwa tumbo." Tukapumua kwa tumbo wiki mbili nzima, wapita njia wakitucheka. Mama yangu aliposikia nina mwalimu wa akili alikuja mbio, kanga kiunoni, kuuliza nani amesema mwanawe ni kichaa. Ilibidi kocha Burhani amkalishe na kumwelewesha.

Jumatatu moja nilikuwa nyuma ya ukuta nafunga viatu, nikamsikia Derick akimwambia kocha, "Kesho wataniandikia wanachokiogopa. Jumamosi, siku ya mchujo, nitamletea kila mmoja hofu yake hapahapa uwanjani. Asiyeyumba ndiye wa Mwanza."

"Waitu, ndugu yangu, hawa ni watoto," kocha alisema.

"Ndiyo mafunzo yenyewe hayo."

Ningeweza kuwaambia wenzangu. Sikuwaambia. Nilimkumbuka babu yangu, mzee Kyaruzi wa Kishanda kule Muleba, ambaye kwenye sherehe husimama na mkuki wake akafanya kwebuga, anajitaja kwa majina yake ya sifa na yote aliyowahi kuyashinda. Likizo moja nilimuuliza mbona hataji siku aliyomkimbia nyoka shambani. Alikasirika kweli. "Omwana wange, mbele za watu unataja ulichokishinda. Kinachokutetemesha kibaki nyumbani, wasije wakakitumia."

Jumanne Derick akagawa karatasi. Farida akanisogelea.

"Dativa, wewe unaandika nini?"

"Ukweli," nilimwambia. "Si anataka kutusaidia?"

Akaandika: honi ya bodaboda. Mwaka jana boda ilimgonga kwenye mteremko wa Kitendaguro, na tangu hapo honi ikilia nyuma yake hushika mkono wa mtu wa karibu. Mara nyingi mkono huo ulikuwa wangu. Mimi nikaandika: naogopa makofi.

Jumamosi nilitangulia mimi. Nilipoanza kuzunguka, Derick akawaamuru watu wote wapige makofi kwa nguvu, na wakapiga. Jamani, nilizunguka! Nilitamani wasiache. Nilimaliza bila hata kuyumba, naye akaandika kitu kwenye daftari lake huku anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wenzetu sita waliofuata waliyumba wote. Mwisho akaja Farida. Aliteleza vizuri kuliko siku zote, mpaka nikaona wivu. Alipojiandaa kuruka, Derick akampungia mkono Datius, dereva wa boda aliyekuwa amepaki nyuma ya goli. Honi ikalia, ndefu. Farida akanyoosha mkono pembeni kutafuta wa kumshika, hakupata mtu, akaanguka na kidevu kikapiga zege.

Mama Shamsia aliuvuka uwanja kama vile una moto. "Mwehu wewe! Mwanangu unampigia honi? Wewe ndiye wa kupelekwa kwa daktari wa akili!"

Derick alirudi nyuma hatua mbili, lakini mdomo hakuufunga. "Mama, hofu lazima ishindwe. Mtazame Dativa." Akainua karatasi yangu juu watu waione. "Huyu aliandika anaogopa makofi. Mmemwona alivyoyashinda? Mwanza anakwenda yeye."

Farida alikuwa ameketi chini, amebana kidevu kwa ushungi wake, damu ikichuruzika mpaka viganjani. Tukiwa darasa la nne tuliimba pamoja kwenye mahafali, na mimi nikagoma kushuka jukwaani mpaka tupigiwe makofi mara ya tatu. Yeye ndiye aliyenivuta gauni nishuke.

"Makofi?" aliniuliza. "Wewe?"

Nikainama kujifanya nafungua kamba za viatu.

Akasimama. Akaachia ushungi, akainua mikono yake yenye damu, akaanza kunipigia makofi, polepole, moja moja, huku ananitazama usoni. Hakuna mwingine aliyepiga. Mama yake alimshika bega waende nyumbani, akakataa, akaendelea. Nikayumba, na nilikuwa nimesimama tu.

Mwanza ni Jumamosi ijayo. Kocha anasema huko watu ni wengi na wanajua kushangilia.