Asiwepo Numerius Mwingine

Kwetu Roma mtoto wa kike hapewi jina. Anapewa la ukoo, basi. Baba alikuwa Vibidius, kwa hiyo dada yangu akaitwa Vibidia, na mimi nilipozaliwa nikaitwa Vibidia vilevile, na mtu akitaka kututofautisha aliongeza Mkubwa na Mdogo, kama vyungu vya jikoni. Dada alifariki akiwa bado mwali, udongo umwie mwepesi, lakini mimi mpaka leo ni Vibidia Mdogo, na meno yamenitoka. Nasema haya ili mjue mapema kwamba mambo ya majina nyumbani kwetu yalikuwa ya wanaume. Wao ndio walioyagawa, na siku moja wakakaa kitako wakalifuta moja.

Kaka zangu walikuwa wawili. Mkubwa ni Aulus, aliyezaliwa akiwa mzee: hata utotoni alikunja nguo zake mwenyewe na kutusemea kwa baba. Wa pili ni Numerius. Huyo alicheka na kila mtu, hata watumwa, hasa Filo, mwana wa yaya wetu, kwa sababu wale wawili walinyonya ziwa moja. Baba alipofariki na Numerius akapata fungu lake la urithi, jambo la kwanza alilofanya ni kumwacha Filo huru. Sasa, desturi yetu ni kwamba mtumwa akiachwa huru huchukua jina la bwana wake, lile la kuzaliwa na lile la ukoo, na jina lake la utumwani analiburuta nyuma. Ndiyo maana Filo, aliyefungua tanuri la mikate chini ya kilima cha Aventino, ukimuuliza yeye nani alikujibu, kidevu juu, kwamba yeye ni Numerius Vibidius Filo.

Halafu Numerius akaenda vitani Hispania, akapewa ngome ndogo ailinde. Adui wakaziba maji. Askari wake walikunywa mkojo wa nyumbu, na baadaye hata nyumbu wakaisha. Ndipo kaka yangu akafungua lango, akatupa silaha chini, akatoka na watu wake wote wakiwa hai. Angekufa nao ndani, leo angekuwa na sanamu. Lakini alirudi nao, na Roma haina msamaha kwa kosa kama hilo. Watu walimtemea mate barabarani, akakimbilia shamba letu la milimani kwa Wasabini.

Aulus akaita wanaume wote wa ukoo ukumbini kwake. Akafungua makabati yenye sura za nta za mababu zetu, ili nao wasikie. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia, maana shughuli haikutuhusu. Wakaapa kwamba hatazaliwa mtoto wa Vibidius akaitwa Numerius, na kwamba hakuna mtu wa ukoo, mume wala mke, atakayelitamka jina hilo, mpaka wenyewe walioapa wakutane tena na kulifungua kwa kauli moja. Nilimsikia Aulus akiapa wa kwanza, kwa sauti ya juu, na nakumbuka nilitamani nimrushie kiatu.

Tangu siku hiyo Numerius akawa "yule wa shambani". Mimi nilitafuta upenyo wangu: nilimwita kaka. Hakuna aliyeweza kunigombeza kwa hilo. Na Filo je? Aulus alimtuma mtu akamwambie aliache lile jina, ajichagulie jingine. Filo alimjibu yule mjumbe kwamba ana mikate tanurini, hana nafasi ya kuzaliwa upya.

Miaka ikapita. Mwaka ule Aulus alipogombea cheo cha kusimamia masoko na barabara za mji, Filo alileta gari lake la unga mlangoni kwangu, na juu ya magunia kalala Numerius, mwembamba, anakohoa damu. Mimi nilikuwa mjane, nyumba yangu tupu. Nikamlaza chumba cha uani penye jua. Mganga alikuja, akamgusa, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye, na nikajua.

Numerius naye alijua. Nilikuwa nikimlisha uji wa shayiri aliposukuma kijiko.

"Vibidia, nikikata roho ataniita nani?"

Mtu akifa kwetu, aliye karibu naye zaidi kwa damu humfumba macho na kumwita kwa jina lake, kwa sauti, tena na tena, mpaka iwe hakika kwamba hataitika.

"Nitakuita mimi," nikamwambia. "Kula."

"Wewe utaniita kaka. Makaka wamejaa Roma nzima, ataitika mwingine." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipopumzika akasema, "Namtaka Aulus. Na simtaki aniite nimeshakufa, maana hapo itanifaa nini? Aniite ningali nasikia. Mara moja tu, dada. Aje asimame hapo mlangoni aseme Numerius, kisha aende zake kwenye kura zake."

"Atakuja," nikasema.

"Usiniahidi kwa niaba yake. Kamwambie."

Nikajitanda shela, nikaenda uwanja mkuu. Nilimwona kwa mbali, kwani wagombea hupaka joho lao chaki mpaka linaumiza macho. Aulus alikuwa akipita katikati ya watu akishika mikono, na nyuma ya bega lake amemweka yule mtumwa ambaye kila mgombea anaye, mtumwa wa kunong'oneza majina. Mtu akija, mtumwa ananong'ona, na Aulus anafungua mikono: "Aa, Spurius! Vitunguu vinaendeleaje? Na mguu, umepona?"

Huyo Spurius alikuwa muuza vitunguu mwenye mguu mmoja mfupi. Alifurahi kuitwa. "Kura yangu unayo, bwana Aulus. Hata usingeniomba. Ila nisalimie nduguyo. Mimi nilikuwa ngomeni kule. Mwambie nina wajukuu sasa."

Aulus aliuachia mkono wa Spurius. Mtumwa wa kunong'oneza akatazama chini. Nikaona hapo hapo ndipo pa kuingilia.

"Salamu hizo nitazifikisha mimi, baba," nikamwambia Spurius. "Yuko kwangu. Anakufa."

Aulus alinishika mkono akanivuta pembeni, chini ya nguzo. "We Vibidia una kichaa? Mbele za watu?"

"Wauza vitunguu wote wa mji huu unawajua kwa majina, kaka. Nimekuja kukuomba jina moja. Na hili huhitaji mtu wa kukunong'oneza."

"Niliapa."

"Ulisema kiapo kinafunguka."

"Kwa kauli moja! Wawili wako mikoani, mzee Sekstus hasikii wala haoni, na wengine wote nikiwaita sasa, siku mbili kabla ya kura, mji mzima utajua kwamba mgombea ana ndugu aliyesalimisha ngome. Wengi walishasahau. Mdogo wangu, nisikilize. Kura ni kesho kutwa. Zikishahesabiwa nitawakusanya wote, na yule..."

"Yule nani?"

Midomo yake ilisogea, nusura alitaje. Nadhani nisingemtazama vile angelisema. Lakini mimi nilimkazia macho kama mtu anayedai deni, naye Aulus hajawahi kupenda kudaiwa.

"Baada ya kura," akasema. "Mwambie anisubiri."

"Kifo nacho nikiambie kimsubiri mheshimiwa?"

"Vibidia, nimefanya kazi miaka yote hii kuliosha jina la ukoo. Kwa ajili ya wote. Hata yeye."

"Umeliosha mpaka limebaki na tundu," nikamwambia, nikaondoka. Jibu lile lilinifurahisha njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona halikumsaidia mgonjwa chochote, na kama ningerudi nikamsihi kwa upole huenda mambo yangekuwa mengine. Sikurudi. Sisi wa ukoo huu ni wepesi wa kujibu.

Numerius hakuniuliza. Alisoma uso wangu. "Baada ya kura?" akasema.

"Baada ya kura."

"Aulus huyo. Hata mama alipokuwa akitugawia keki ya asali yeye yake aliiweka mpaka kesho." Akageuza uso ukutani. Filo aliyekuwa ameketi miguuni pake akaanza kumwambia habari za tanuri, mke wa jirani, punda aliyekula vikapu, na Numerius alimsikiliza macho yamefumbwa. Siku iliyofuata alimuulizia Aulus mara moja tu. Kila mlango ulipogongwa, hata na mleta kuni, aliinua kichwa.

Asubuhi ya kura mji ulihamia kwenye uwanja wa kupigia kura, barabara zikawa kimya kabisa. Kimya kile kilimdanganya. Kila hatua ilisikika kutoka mbali, na yeye akawa anauliza, "Ndiye?" Nasi tunajibu, "Bado." Jua lilipofika katikati ya ua hakuuliza tena. Akavuta pumzi, akaishika, akaiachia, na nyingine haikuja.

Nilimfumba macho. Nikafungua kinywa nimwite, na nikakuta neno lililokuja ni kaka. Miaka yote ile nililikwepa jina lake kwa ujanja, sasa lilikuwa limepotea njia kinywani mwangu. Filo ndiye aliyeanza. Aliinama akaita, "Numerius! Numerius Vibidius!" kwa sauti yake ya mwoka mikate, na ndipo mimi nikaweza kumfuata. Tuliita, tukanyamaza, tukasikiliza, tukaita tena. Kisha tukamshusha sakafuni, tukamwosha kwa maji ya moto, tukamvika joho lake, nikamtuma mjakazi atundike tawi la mvinje mlangoni, wapita njia wajue pana msiba.

Alasiri tulimsikia Aulus kabla hatujamwona. Umati ulikuwa ukimleta kwa nderemo, "Aulus Vibidius! Aulus Vibidius!" Alikuwa ameshinda, na sitamdhulumu: hakupita kwake kwanza, alikuja moja kwa moja. Walipoona lile tawi mlangoni nderemo ilikatika kidogo kidogo, mbele kwanza, nyuma baadaye.

Akaingia peke yake. Akaja mpaka uani, akatuona tumekaa, akaona kilicho katikati yetu.

"Nimewaambia," akasema. Alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Pale pale uwanjani, matokeo yalipotoka. Hata wale wa mikoani walikuja kupiga kura, na mzee Sekstus wakambeba. Wote wamekubali, Vibidia. Hakuna hata aliyebisha. Limefunguliwa."

"Limefunguliwa," nikasema. "Hongera."

Sijui kwa nini nilisema hongera. Ningekuwa na neno la huruma ningelitoa, lakini sikuwa nalo.

Aulus alipiga magoti. Chaki ya joho lake ikamdondokea Numerius kifuani, naye akawa anaipangusa kwa kiganja na kila akipangusa inaongezeka. Kisha akaita. "Numerius!" Mara ya kwanza ilitoka kavu, kama mlango wa ghala. Akaita tena, "Numerius! Numerius Vibidius!" Desturi ni kuita, kunyamaza, kusikiliza. Aulus hakunyamaza. Aliita kama tulivyokuwa tukiitana utotoni mtoni, jina likivutwa mwisho wake, kisha akaita kwa hasira, kama anayemwamsha mvivu, kisha kwa kubembeleza. Nilimshika bega, nikamwambia, "Yatosha, kaka, tumeshamwita," akautupa mkono wangu. Wabeba jeneza walikuwa wamefika, wakasimama kizingitini wakitazama miguu yao. Mwanamume mzima, mheshimiwa wa mji tangu mchana ule, anaita na kuita, sauti imeshamkauka, na sikuona angeachaje.

"Naam," akasema Filo.

Aliketi pale pembeni ya ukuta, unga bado nguoni, machozi yamechora njia usoni. Aulus aligeuka taratibu.

"Si wewe ninayekuita."

"Najua, bwana. Lakini wa kuitika jina hili nimebaki mimi peke yangu."

Aulus akajiachia sakafuni, karibu na kichwa cha mdogo wake, akalia kwa sauti kubwa pasipo kujificha. Sauti ilifika hadi barabarani. Wale waliokuwa nje hawakuelewa ni ya nini. Wakadhani anawaita, wakaanza tena kuimba jina lake.