Duka la Bibi, kwa Masharti Yaleyale

Bibi alipotangaza kwamba anauza duka lake la dobi, familia nzima ilianza kusema kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni, nimejaa elimu na njaa, nikateuliwa katibu wa kikao kwa kuwa ndimi pekee nisiyeruhusiwa kukataa.

Ni vema hali ya duka hilo ifahamike. Mashine na meza za pasi ni za Bibi. Jina la mlangoni, kijani cha ukutani na hata namna ya kukunja shati ni vya Kampuni, ambayo humwazima kwa ada. Kwa hiyo Bibi hawezi kuliuza duka kama mtu anavyouza kuku. Mkataba unasema akipata mnunuzi aijulishe Kampuni, nayo ina mwezi mmoja wa kuamua: ama imkubali mnunuzi yule, ama ilichukue duka yenyewe kwa masharti yaleyale aliyopewa yeye.

Mnunuzi alikuwa Mama Mvuke, aliyepiga pasi pale tangu kabla sijazaliwa, na ambaye kila asubuhi hutokea katikati ya mawingu kama malaika mwenye haraka. Bibi alikuwa amempa bei ya kindugu.

"Hapo ndipo ulipoharibu, mama," baba alisema. "Bei hiyo Kampuni itaidaka hewani. Watalichukua, wataleta watu wao, na huyu atabaki na pasi mkononi."

"Basi nipandishe?"

"Ukipandisha, yeye hataweza."

Mama Mvuke alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Mimi nitapata kazi kwingine," alisema, na hakuna aliyemwamini, hata kitambaa.

Bibi akanigeukia. "Katibu, umeandika nini hapo kwenye makubaliano?"

"Bei, Bibi."

"Basi umeandika nusu. Unadhani nilishusha bei kwa sababu nimechoka akili? Kuna mambo tuliafikiana, mimi na yeye. Andika."

Niliandika kwa mwandiko ninaoutumia kumwomba radhi mwalimu wa zamu, ambao ni mzuri sana kwa sababu ya mazoezi. Mnunuzi, yeye mwenyewe na si kwa kumtuma mtu, atamwekea muuzaji kiti dirishani kila siku ya kazi. Atamwachia apokee nguo za wateja anaowapenda. Atasikiliza visa vyake hadi mwisho, hata alivyokwisha kuvisikia, bila kutazama saa. Atamwambia ukweli kuhusu gauni alilovaa. Hapo nikaongeza kwamba mjukuu wa muuzaji atafuliwa sare bure hadi uzeeni. Bibi alikifuta kifungu hicho kwa mkono wake mwenyewe. Wakatia sahihi.

Afisa wa Kampuni alikuja na kola ngumu kama sahani, nami nikampa cheo cha Bwana Kola. Alilizunguka duka akiangalia kuta kama mtu anayepima mapazia.

"Bibi, Kampuni imeamua kutumia haki yake. Tutalichukua kwa masharti yaleyale."

"Karibuni. Masharti hayo hapo."

Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. "Hili la visa..."

"Ndilo zito kuliko yote," nilisema kwa masikitiko.

"Tunaweza kuajiri mtu wa kusikiliza."

"Yeye mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Sijui Kampuni ina masikio mangapi."

Baba alinikanyaga mguu.

"Mwacheni ajaribu," Bibi alisema. "Kaa hapa, mwanangu. Kulikuwa na bwana harusi alileta suruali yake asubuhi ya harusi yenyewe..."

Bwana Kola aliketi, na kwa haki kabisa, alijitahidi. Lakini kisa kilipofika bwana harusi yuko nyuma ya pazia na taulo la kuazima, na suruali imeshaondoka na mzigo wa mashuka ya hospitali, simu ilitetemeka mfukoni mwa Bwana Kola. Akaitazama. Bibi akakikatiza kisa hapohapo.

Alitoka nje kuongea na wakubwa wake. Kupitia kioo tulimwona akipandisha mabega, kisha akiziba mdomo asicheke.

"Wanasema Kampuni haiwezi kutimiza masharti haya," alisema aliporudi. "Wanaiacha haki ya kununua. Ila haki ya kumkubali mnunuzi bado tunayo. Itabidi ahudhurie mafunzo, na akunje mashati kwa utaratibu mpya."

"Nitayakunja mtakavyo," Mama Mvuke alisema, kisha akakaa ghafla juu ya furushi la nguo chafu.

Bwana Kola alitia sahihi, akafika mlangoni, akasimama. "Samahani, Bibi. Yule bwana harusi... ikawaje?"

"Mwisho ni wa mnunuzi."

Mama Mvuke, ambaye siku ile ndiye aliyekwenda kuliazima lile taulo kwa jirani, alichomoa pasi, akavuta kiti cha Bibi hadi dirishani, akajikalia kando yake.

"Enhe, mama," alisema. "Akawa amesimama nyuma ya pazia. Halafu?"

Bwana Kola aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.