Usimsalimu Anayefungua Trela

Kabla hawajatoka nyumbani, Lorna Koskela alikuwa ameahidi kwamba safari hii hatamkaripia mtu. Aliahidi jikoni, mikono ikiwa kwenye povu la sabuni, mumewe Curt akiwa amesimama mlangoni na funguo za pikapu.

"Sidai makubwa," Curt alisema. "Mtu akija kutusalimu, msalimie. Basi. Mwaka jana yule mzee alituletea mahindi, wewe ukamwambia arudi kwake."

"Sikumwambia arudi kwake. Nilimwambia asubiri."

"Ulimwambia, 'Baba, rudi nyuma,' huku unampungia mkono hivi. Kama unafukuza kuku."

Binti yao Tess, aliyekuwa na miaka sita, alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Lorna akasema haya, nimesikia, safari hii nitakuwa mpole kama mtawa.

Si kwamba Lorna alichukia watu. Lakini katika zile kambi za mapumziko za serikali zilizozunguka maziwa ya kaskazini mwa Michigan, Marekani, watu wana urafiki kupita kiasi. Mtu ambaye mjini hajui hata jina la anayekaa mlango wa pili, akishafika kambini na trela lake anakuwa ndugu wa kila mmoja. Hujazima hata injini, ameshafika na kikombe chake cha kahawa. Mmetoka wapi? Trela lenu refu kiasi gani? Mmesikia habari za dubu wa kwenye mapipa ya taka? Ni watu wazuri, na Lorna aliwapenda baada ya nusu saa. Kilichomtia hofu ni ile nusu saa yenyewe.

Maana trela la kulala ni nyumba nzima, ina vitanda, jiko, choo na tangi la maji, lakini haina injini, wala haina mtu wa kulikanyagia breki. Mdomo wake umekalia tufe la chuma nyuma ya pikapu, na likiwa hapo, pikapu ndiyo inayolishika. Ukishaliinua kutoka kwenye lile tufe, hakuna kinacholishika tena isipokuwa kabari ulizosukumia chini ya magurudumu. Kama hukuziweka, umeiachilia nyumba yako iende inakotaka. Na viwanja vingi vya kambi vina mteremko, kwa sababu kila mtu anataka kulala akiona maji.

Kwa hiyo kwao ilikuwa hivi: Lorna anaweka kabari, ndipo Curt anafungua. Na hakuna anayeingia ndani mpaka Lorna aseme tayari. Hawakuwahi kukaa chini wakapanga. Ilijipanga yenyewe tangu waliponunua trela, kwa kuwa Curt ana nguvu za kuzungusha jeki na Lorna ana wasiwasi. Baada ya miaka michache Curt aliacha hata kuangalia magurudumu. Ya nini? Mke wake alikuwa anaangalia kwa niaba ya watu kumi.

Walifika Ijumaa mchana, wamechoka, na Tess alikuwa amebanwa na mkojo tangu kituo cha mafuta. Kiwanja chao kilikuwa cha changarawe, kizuri, kimeinama kuelekea ziwani, na misonobari miwili mikubwa karibu na ukingo wa maji. Lorna alishuka, akasimama nyuma, akamwongoza Curt kwa mikono: njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo, simama. Pikapu ikazimwa. Lorna akafungua kisanduku cha pembeni, akatoa kabari zao mbili za rangi ya manjano, akaanza kwenda kwenye magurudumu.

"Hatimaye, watu!"

Mzee mmoja alikuwa anakuja kutoka kiwanja cha jirani, kofia imerudishwa kisogoni, ameshika sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili ya jikoni. Alitembea upesi, kama mtu aliyekuwa anachungulia dirishani tangu asubuhi.

"Naitwa Arlo Brandvold. Nilidhani nitamaliza wiki nzima nikiongea na kunguru, na kunguru wenyewe wameshanichoka. Shika, binti, shika. Samaki wa moshi. Bado ana joto."

Lorna alikuwa na kabari moja mkono huu na moja mkono ule. Sahani ilikuwa imeshafika kifuani kwake. Akamtazama Curt, na Curt, ambaye alikuwa anatoka kwenye pikapu, akamtazama kwa lile jicho la kumkumbusha: mtawa.

Basi Lorna akaziweka kabari juu ya meza ya mbao ya kiwanja, akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Asante sana, mzee. Umevua mwenyewe?"

Hilo lilikuwa swali la adabu tu. Lakini mvuvi ukimwuliza kama amevua mwenyewe, ujue umejifunga.

"Mwenyewe? Binti, huyu tumekosana siku tatu! Siku ya kwanza amekata uzi. Siku ya pili ameniibia chambo na kunipiga mkia usoni, nakuapia, usoni hapa…"

"Acha hizo!" Curt akacheka, akipeana naye mkono. "Mimi Curt, huyu Lorna. Samaki akakupiga kofi?"

"Kofi la nguvu! Muulize kunguru."

Lorna naye akacheka. Na hapa ndipo mama yeyote anayesoma asimame kidogo, kwa sababu hakuna ubaya wowote uliokuwa umeonekana mpaka hapo. Jua lilikuwa linawaka, mume anafurahi, jirani ni mtu wa watu. Hatari haikupiga hodi.

"Mama, mkojo!" Tess aliita, amebana miguu. "Unatoka! Kweli unatoka!"

Vyoo vya kambi vilikuwa mbali, upande wa pili wa barabara.

"Niingie ndani?"

"Nenda, nenda," Lorna akasema bila kugeuka, maana mzee Arlo alikuwa amefika kwenye siku ya tatu. Mlango wa trela ukafunguka, ukafungwa.

Curt alirudi mbele kuendelea na kazi, na Arlo akamfuata, bado anasimulia. Kwa kuwa naye ni mtu wa matrela, akaanza kuuliza ya matrela.

"Hilo tufe lako kubwa kuliko langu, kijana. Unavutia tani ngapi?"

Curt akamjibu huku akichomoa waya wa taa. Akamjibu huku akifungua minyororo. Akainua komeo, akaanza kuzungusha mkono wa jeki, na mdomo wa trela ukaanza kupanda taratibu. Kichwani mwake kabari zilikuwa mahali pake, kwa kuwa siku zote zilikuwa mahali pake. Hakusahau, maana haikuwa kazi yake. Lorna naye hakusahau; alikuwa ameshika sahani.

Chuma kikalia mara moja, sauti ndogo, kama kikombe kinapowekwa mezani. Kisha trela likaanza kuondoka.

Halikuwa na haraka. Hilo ndilo linalompumbaza mtu. Lilikwenda mwendo wa mgonjwa anayejifunza kutembea, kinyumenyume, kigurudumu cha jeki kikichora mstari kwenye changarawe. Curt akalidaka kwa mikono miwili pale mdomoni, akakita visigino, akavutwa kama mtoto aliyeshika mkia wa ng'ombe.

"Liachie!" Arlo akapiga kelele. "Curt! Liachie, litakuburuta!"

Sahani ilikuwa imeshaanguka. Lorna alikimbilia kule trela linakokwenda, nyuma yake, mikono ameitanguliza, tani zile zote azizuie kwa viganja. Hakuwaza. Arlo alimrukia akamkamata nguo mgongoni, akamvuta mpaka wote wawili wakakaa chini. Lorna akampiga ngumi ya kifua.

"Niachie! Mtoto yumo! Mtoto yumo ndani!"

"Najua! Usiende nyuma yake! Litakuua, halafu atabaki na nani?"

Hakumwachia. Gurudumu moja lilipanda mzizi, trela likapinda, pembe yake ikagonga msonobari kwa kishindo kilichowainua ndege wote wa ziwa lile. Vioo vikamwagika. Likainama upande wa maji, gurudumu moja likining'inia ukingoni, likasimama.

Arlo akamwachia Lorna, naye akanyanyuka.

"Mama?" Sauti ilitoka kwenye kidirisha cha chooni.

"Tess! Mwanangu! Uko mzima?"

"Nilikuwa sijamaliza," akasema. Halafu kilio kikaanza, kikubwa, na Lorna akashukuru kilio kile, kwa sababu mtoto anayelia anapumua.

Lakini hawakuweza kuingia mara moja, na hiyo ndiyo sehemu ambayo Lorna hapendi kuisimulia mpaka leo. Trela lilikuwa linatikisika. Mtu mzima akikanyaga ngazi, lingeweza kumaliza safari yake majini. Arlo akakimbia kwake akaja na magogo ya kuni amejaza kifua, akayasukumia chini ya magurudumu moja baada ya jingine, na Lorna akasimama chini ya kidirisha kile, akimwambia mwanawe asisogee, akae kwenye sakafu, ashike mguu wa sinki, hesabu vidole vyako, haya, vingapi? Curt akajaribu trela kwa bega, akajaribu tena, ndipo akaingia kwa tumbo, akamtoa.

Mfupa wa bega la Tess ulikuwa umevunjika, na juu ya jicho palikuwa pamechanika. Viganja vya Curt havikuwa na ngozi. Gari la wagonjwa lilichukua muda mrefu kufika, kwa kuwa kambi ile iko mbali na kila kitu, jambo ambalo ndilo lililowapeleka pale.

Hospitalini, Tess aliposhonwa na kufungwa mkono akalala, Curt na Lorna walikaa kwenye benchi la ukumbini. Curt aliegemeza bandeji zake magotini.

"Sema basi," akasema. "Sema ni mimi niliyekukataza."

"Ulinikataza nisiwe mkali. Hukunikataza kuweka kabari."

"Nilipaswa kuangalia."

"Ndiyo. Ulipaswa kuangalia," Lorna akasema. "Na mimi nilipaswa kumwambia mzee wa watu, subiri. Neno moja. Nililiona aibu."

Arlo akatokea mwisho wa ukumbi, kofia mkononi, na mfuko wa nguo zao begani. Alikuwa amewafuata kwa gari lake. Hakukaa.

"Miaka arobaini navuta trela," akasema. "Miaka arobaini. Najua kabisa kwamba mtu akiwa anafungua, haongeleshwi. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wanangu. Leo nimeona watu, nikafurahi, nikasahau kila kitu."

Siku nyingine Lorna angemwambia pole, si kosa lako, ili amalize upesi na kumwondoa. Sasa alikuwa amechoka na adabu ya namna hiyo.

"Mzee Arlo, ulinivuta nguo, bila hivyo nisingekuwa hapa. Hilo sitalisahau. Lakini siku nyingine ukiona watu wanafika, kaa kwako mpaka wamalize. Samaki akipoa, atapashwa moto."

"Na wewe nikijisahau, nifukuze."

"Nitakufukuza. Curt anasema nina kipaji."

Mzee alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa kofia.

Tess aliruhusiwa kesho yake. Curt alibaki naye nyumba ya wageni mjini, na Lorna akarudi kambini na gari la kukokota na dereva wake kuchukua vyombo vyao na kuliondoa trela. Walipokuwa wanalifunga minyororo, familia nyingine iliingia kiwanja cha upande wa pili wa Arlo: mwanamume, mkewe na watoto wawili wadogo, trela jipya linalong'aa. Mume akaanza kulirudisha nyuma, mke akimwelekeza.

Arlo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai mbele ya mlango. Aliwaona. Alinyanyuka nusu, akakaa tena, akabana mikono katikati ya magoti. Alikaa vile huku wanachomoa waya, wanafungua minyororo, wanazungusha jeki, bila kuwatolea sauti, macho yote yako kwenye magurudumu yao, mpaka yule mama akamsogelea mumewe na kumwuliza, kwa sauti ambayo hata Lorna aliisikia, huyu mzee ana shida gani na sisi.