Kiraka na Gauni la Mwenye Nyumba

Gauni la mwenye nyumba lilikuwa la rangi ya maziwa, na Kiraka alikuwa ametoka tu kwenye mtaro. Balaa lilianzia hapo.

Yule mama alikuja dukani kwetu kulijaribu kwa mara ya kwanza. Kiraka, mbwa wetu, akaona mgeni, akafurahi. Furaha yake haijui kukaa moyoni, hushukia miguuni. Akaruka, na miguu miwili ya mbele ikatua tumboni mwa mama, katikati kabisa. Matope yakabaki kama mhuri.

Mama huyo mtaa mzima unamwita Redio, ila si mbele yake, kwa sababu akishawashwa hana kitufe cha kuzimia. Siku ile alisema tangu kwenye meza ya kukatia mpaka mlangoni, akatoka, akarudi kusema aliyoyasahau. Mwisho wa maneno yake ulikuwa huu:

"Hili gauni ni la harusi ya mwanangu. Siku nitakayokuja kulichukua, nikisema kaa, mbwa huyu akae. Asipokaa, aondoke nyumbani kwangu. Na mkimwonea huruma, msindikizeni."

Duka ni chumba cha mbele, mimi na shangazi tunalala cha nyuma, na vyote viwili ni vya Redio. Shangazi ndiye aliyenifundisha kushona nilipomaliza shule ya msingi. Kiraka nilimwokota mimi, mdogo kama kiatu, kalala ndani ya mfuko wa vipande vya vitambaa tuliokuwa tumeutupa nje. Sahani yake hukaa chini ya cherehani yangu. Siku ile nilishona huku nalia.

"Usilie juu ya kitambaa cha watu, kitaingia madoa," shangazi akaniambia. "Mfundishe."

Kinyozi wa mlango wa pili aliposikia, akaja na mashine yake ya kunyolea mkononi. Aliwahi kuwa mlinzi wa ghala, kwa hiyo mambo yote ya mbwa anayajua yeye.

"Mdogo wangu, mbwa anataka sauti. Tazama." Akatanua kifua. "KAA!"

Mteja wake, aliyekuwa amemfuata na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, akakaa kwenye benchi. Kiraka akajinyoosha, akapiga miayo.

"Sikio la kufa halisikii dawa," kinyozi akasema.

"Mteja wako kasikia," shangazi akamjibu. "Mrudishe ukammalizie."

Mimi sina sauti. Nilichokuwa nacho ni macho, basi nikawa namtazama Kiraka huku nakanyaga cherehani. Nikaona kwamba nikiinua kitu chochote, yeye hukifuata kwa pua, na pua ikipanda, makalio hushuka yenyewe. Nikachemsha maini, nikayakata vipande vidogo kama vifungo, nikayatia kwenye kopo.

Nilimfundisha huku nafanya kazi, maana kazi haimngoji mbwa. Nikiwa nimepiga magoti kwenye mapindo ya nguo, pini zimejaa mdomoni kama kawaida yetu, nilisogeza kipande cha ini mbele ya pua yake, nikakipandisha taratibu kuelekea kisogoni. Pua juu, makalio chini. "Kaa," nikasema, nikampa papo hapo kabla hajabadili nia. Mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo sidhani kama ilitungwa na binadamu.

Kulala nako nilishusha kipande mpaka sakafuni, kati ya miguu yake. Kugeuka nilikizungusha, naye akakifuata mpaka akajikuta amerudi alikotoka, ameduwaa. Kutoa mkono ndiko kulikotuchosha. Nilificha ini ndani ya ngumi. Akanusa, akalamba, akaninung'unikia, mwishowe akaikwaruza ngumi kwa mguu. Hapo ndipo nikafungua. Siku alizokataa sikumgombeza. Tulilala, kesho yake tukaanzia tulipoishia.

Gauni lilipokaribia kuisha, Kiraka alikuwa anatoa mkono kama mgombea wa uchaguzi. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno.

Redio akaja. Nilipomwona mlangoni nikatema pini zote kwenye kimto cha kuchomekea pini, nikapangusa mdomo. Mtu mzima hasalimiwi ukiwa na vyuma kinywani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

Nikasimama wima. "Kiraka, kaa."

Kiraka akanitazama kama mtu anayeulizwa njia ya mji asioujua.

"Kaa, Kiraka. Kaa!"

Akatazama nyuma yake, labda ninasema na mwingine. Redio akajaribu, shangazi akajaribu, na kinyozi akachungulia mlangoni akapiga "KAA!" yake. Kiraka akaingia chini ya meza.

"Basi," Redio akasema. "Harusi ni Jumamosi. Jumapili nisimwone hapa. Nipeni gauni langu nilivae."

Akalivaa. Mkono mmoja ulipwaya, na pindo lilifagia sakafu. Nikapiga magoti, nikajaza pini mdomoni, machozi yananilenga.

"Mama, toa mkono," nikasema, nipate kuubana.

Kwa pini, maneno hayo hutoka "mmh-mm, mm-mmo." Sisi mafundi tunaelewana hivyo hivyo, mimi na shangazi huweza kumsengenya mtu kutwa nzima bila kutema hata moja. Redio hakuambulia kitu.

"Anasema utoe mkono," shangazi akamtafsiria.

Redio akatoa mkono. Chini ya meza, Kiraka naye akatoa wake.

"Mm-mmh," nikasema.

"Anasema ugeuke."

Redio akageuka. Kiraka akajitokeza, akageuka. Wakazunguka pamoja, huyu na gauni lake la maziwa, yule na mkia wake.

Shangazi akaangusha mkasi. "Wee! Mwambie akae. Usiteme!"

"Mmh!"

Kiraka akakaa, pu.

Tukatazamana. Maskini, tangu tuanze hakuwahi kulisikia neno "kaa" likiwa zima. Tulikuwa tumemfundisha lugha ya pini, na pini nilizitema kwa adabu.

"Mnanichezea," Redio akasema. "Nilisema akae nikisema mimi."

"Sema basi, mama," shangazi akasema, akimnyooshea kile kimto. "Lakini useme kifundi."

Redio akazitazama pini, akamtazama mbwa. Akazipanga midomoni moja moja.

"Mmh," akasema.

Kiraka akakaa. Macho ya Redio yakawa kama vikombe.

"Mm-mmo?"

Kiraka akampa mkono. Ulikuwa safi, nilikuwa nimemwosha asubuhi. Redio akaupokea, akawa hajui auachie au aendelee kuushika.

Kinyozi akachungulia tena. "Jamani, umeme umekatika? Mbona Redio kimya?"

Yule mama akamgeukia, akamngurumia maneno marefu makali, yote kwa pini.

"Amesemaje?" kinyozi akauliza, anarudi kinyumenyume.

"Amesema mbwa abaki," shangazi akatafsiri, uso mkavu kabisa. "Na lile bati linalovuja chumba cha nyuma atalibadilisha kabla ya mvua. Na wewe umwombe radhi."

Redio akatema pini kwenye kiganja, moja baada ya nyingine, bila kumwondolea shangazi macho.

"Sikusema bati."

"Na mbwa je, mama?" nikauliza.

Akatazama chini. Mguu wa Kiraka ulikuwa bado mkononi mwake, na mwenyewe Kiraka ametulia, anakodolea kopo la maini.

"Mbwa nilisema," Redio akajibu. "Nipe hicho kipande nimpe, asije akaniona mchoyo."