Shamba la Chumvi

Pétronille alichuchumaa katikati ya mpunga uliokauka, akakwangua ardhi kwa ukucha. Ukoko mweupe ulibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Miche aliyoipanda kwa mikono yake ilikuwa imekuwa rangi ya nyasi kavu, ilhali mizizi ingali majini. Watu wa bonde la Ruzizi walipita hapo bila kugeuza shingo. Shamba lile hakuna aliyelitaka, ndiyo maana chefu, mtawala wa jadi wa huko, alimpa Pétronille mwaka aliofiwa na mumewe: ardhi ya chumvi, apewe mjane.

Halafu akaja Firmin, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, wa mradi mmoja kutoka mjini Uvira, na vifuko vya mbegu mpya. Alieleza kwamba zilipatikana kwa kuchanganya mpunga wa kawaida na mpunga unaovumilia chumvi. Alikuwa akitafuta udongo mbaya kuliko wote, aone ipi itasimama.

"Kama inapona hapa, mama, itapona fasi yote."

"Na kama inakufa?"

"Itakufa ku shamba yenye ilishakufa."

Pétronille alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Walipanda kila mbegu kwenye kipande chake cha shamba. Karibu vipande vyote vilikufa. Kimoja kilipauka ncha, kikalala, kisha kikainuka. Mbegu zilizobaki kwenye kifuko cha aina hiyo Pétronille alimgawia jirani yake Consolée, ambaye naye mpunga wake uliungua kwa chumvi kila mwaka. Masuke ya kipande kile yalipoanza kuinama kwa uzito, Pétronille alizoea kupita shambani hata akitoka misa, na viatu mkononi, kuangalia tu.

Wageni wa mradi walikuja na magari. Walimpa Pétronille mganda wa mpunga aushike, wakamwambia atabasamu, wakampiga picha. Pamoja nao alikuwapo Octave, mjumbe wa chefu, ambaye hajawahi kukanyaga tope la huko. Wenzake walipopiga makofi yeye hakupiga. Alitembea kando ya mfereji peke yake, akatazama bonde jeupe mpaka linapokutana na ziwa, akakawia kutazama.

Mpunga ulipoiva, Pétronille alikuta nguzo za saruji zimesimikwa shambani na vibarua asiowajua wanavuna. Wanaume wawili wenye bunduki walikaa kwenye tuta. Octave alisimama chini ya mwavuli.

"Aksanti kwa kazi, mama," alisema kwa upole. "Chefu amejirudishia udongo yake. Kuko patron moja mwenye pesa nyingi, atalima yote mpaka ku ziwa."

"Chefu alinipatia hii shamba."

"Alikupatia shamba ya chumvi." Octave alielekeza kidole kwenye masuke. "Weye unaona chumvi hapa?"

"Basi minye nivune kwanza. Minye nililima."

"Mbegu iko ya mradi. Udongo iko ya chefu. Ya kwako iko wapi, mama?"

Mmoja wa wale wenye bunduki alicheka. Pétronille alitazama mikono yake, akaificha ndani ya kitenge.

Alimfuata Firmin ofisini kwake, mtaa wa Kimanga mjini Uvira. Ukutani walikuwa wameshatundika picha ya Pétronille, kubwa kuliko dirisha, akitabasamu na mganda kifuani. Firmin aliona anaitazama, akainamisha macho.

"Minye niko muntu wa mbegu tu, mama. Mambo ya udongo haiko yangu." Kisha, kana kwamba anamfariji: "Wakubwa wamefurahi sana. Wanataka tuendelee na mashamba ingine."

Pétronille aliporudi bondeni jua lilikuwa bado kali. Nguzo zilikuwa zimefika kwenye mfereji unaopakana na shamba la Consolée. Ng'ambo ya mfereji mpunga wa Consolée ulifika magotini, kijani kibichi, kwenye udongo ambao haujawahi kumpa kitu. Consolée alikuwa ameinama ndani yake, anaung'oa.

"Weye unafanya nini?"

"Octave amesema atapita kuangalia kwangu," Consolée alijibu bila kuinua kichwa. "Akute kumekufa."

Pétronille alisimama. Kisha alivuka mfereji, akafunga kitenge juu ya magoti, akaanzia upande wa pili. Mizizi ilikuwa imeshika. Chumvi ilikuwa imeshindwa kuiua, nao walilazimika kuvuta kila shina kwa mikono miwili, tope likiwarukia usoni. Nyuma yao mpunga walioung'oa ulielea juu ya maji, ungali mbichi, na huko barabarani gari lilikuwa limepunguza mwendo.